Mgeni wa Marehemu

Khubaib alifika Kuze, katika Mji wa Kale wa Mombasa, na begi moja mkononi, na kabla hajalitua alikuwa amekwisha kuingiza bega chini ya jeneza.

Hakulazimishwa. Uchochoro ulikuwa umejaa wanaume wa kanzu na kofia, naye alisimama ukutani akiyakumbuka maelekezo aliyoachiwa na dereva wa teksi: nyumba ya ghorofa mbili, daka la mawe la kukalia mlangoni, mlango wa kijani. Mlango wa kijani aliuona. Ulikuwa wazi, na kupitia humo watu walikuwa wakitoa maiti. Jeneza lilipofika usawa wake, mtu mnene mwenye miwani alimgusa mkono, akamwambia kwa sauti ya chini, "Ndoo huku, yakhe, pokea hapa. Yule mzee amechoka." Begi lilichukuliwa na mtu asiyemwona, likapitishwa ndani. Khubaib akapokea. Kwao Mbeni, katika kisiwa cha Ngazidja, jeneza likikupitia nawe una mabega huwezi kubaki umesimama. Akaenda na umati ule hadi makaburi ya Kikowani, akipokezana na wengine, shati la safari limemganda mgongoni kwa jasho, na ni pale ukingoni mwa kaburi, talkini ilipokuwa ikisomwa, ndipo alipolisikia jina la aliyezikwa.

Abdulghafur. Fundi Abdulghafur wa mitambo ya barafu, wa Liwatoni.

Huyo ndiye mtu aliyekuwa amemjia.

Miaka mingi kabla ya Khubaib kuzaliwa, Abdulghafur alipelekwa Ngazidja kufunga mtambo wa barafu kwa ajili ya wavuvi, akashikwa na homa, akauguzwa nyumbani kwa Msaidie, baba yake Khubaib, msimu mzima wa mvua. Siku ya kuondoka alimwambia Msaidie: mwanao akija Mombasa asilale nyumba nyingine ila yangu. Ahadi hiyo ilikaa, kama zinavyokaa ahadi za watu wa makamo yao, bila kukumbushwa. Khubaib alipopata nafasi katika chuo kimoja cha ufundi pale Ganjoni, kusomea mitambo ya meli, Abdulghafur alipiga simu mwenyewe. "Mdhamini ni mimi," alisema. "Chuo chataka mwenyeji atakayesimama mbele yao kwa miguu yake na kusema, huyu namjua na akaa kwangu. Basi mimi n'takuwa pale. Wewe njoo tu."

Khubaib alikuja tu. Ndege ilikuwa bado angani wakati Abdulghafur alipoanguka akitia udhu wa alfajiri. Kutoka uwanjani alimpigia mara kadhaa. Simu ya marehemu ilikuwa chini ya mto, imezimika.

Walirudi kutoka makaburini, majamvi yakatandikwa uchochoroni na juu ya daka, kahawa ikaanza kuzunguka. Khubaib alijitenga kidogo, akampigia baba yake kwa mtandao.

"Baba, amefariki. Nimetoka kumzika sasa hivi."

Msaidie alisoma dua ya msiba, na sauti yake ilipotoka tena ilikuwa ya mzee kuliko ya asubuhi. "Na wewe uko wapi?"

"Niko matangani. Hapa hapa nyumbani kwake."

"Basi sikiliza. Usitaje haja yako mpaka matanga yaanuliwe. Mfiwa haombwi kitu. Watumikie, soma, nyamaza. Watu wa mji ule ni waungwana, wenyewe watakuuliza."

"Na chuo je?"

"Wenyewe watakuuliza," alirudia Msaidie.

Khubaib alimwamini. Alikuwa amelelewa kumwamini, na kwa haki kabisa, maana Mbeni mgeni haketi hata kikombe kikapoa kabla hajaulizwa ni wa nani na amekuja kwa lipi. Asilolijua Msaidie, na ambalo Khubaib angelijua kwa gharama kubwa, ni kwamba kuna mahali pamoja katika Mji wa Kale ambapo swali hilo haliulizwi, nalo ni matangani. Aliyekaa jamvini amekuja kwa ajili ya maiti. Kumuuliza wewe ni nani ni kumwambia kuwa hatambulikani, na kumwambia hivyo ni kumfukuza. Basi watu huwaza kimoyomoyo. Wa upande wa mume humdhania mgeni kuwa wa upande wa mke. Wa upande wa mke humdhania kuwa wa mume. Wa msikitini humdhania mwanafunzi wa madrasa. Kila mmoja huridhika kwamba mwenzake anajua. Ni adabu nzuri sana kuitazama ukiwa na kwako pa kurudi.

"Yule kijana mrefu ana Qur'ani safi," Khubaib alimsikia mzee mmoja akisema nyuma yake jioni ile.

"Si ni wa Bi Swabaha? Wale jamaa zake wa Lamu."

"Labda. Watu wa huko wana makhraji, kila herufi mahali pake."

"Na mikono pia. Mtazame anavyobeba."

Ni kweli alibeba. Yule mtu mnene mwenye miwani, jina lake Sabir, jirani aliyeshika usimamizi wa vyombo na chakula, alikwisha kumwona kuwa ni kijana asiyekataa. "Mwanangu, nitolee sufuria kubwa." "Mwanangu, masinia hayo yarudishe chumba cha chini." Hakumwita jina kwa sababu hakulijua, na hakuona kasoro, kwa sababu mwanangu lilitosha.

Chumba cha chini kilikuwa na mlango wake wa barabarani, pembeni mwa daka. Mara ya kwanza Khubaib alipoingia humo alisita. Kilinukia chokaa mbichi. Kitanda kilikuwa kimesimamishwa ubavu ili kupisha masufuria ya kuazima. Godoro lilikuwa bado ndani ya nailoni. Pangaboi jipya lilikaa juu ya meza ndogo, karibu na taa ya kusomea. Ni chumba cha mtoto wa nyumba hii, aliwaza, labda yumo njiani kutoka ng'ambo kuja matangani kwa baba yake. Alimwonea wivu mtoto huyo, akajilaumu. Akayapanga masinia juu ya meza kwa uangalifu asije akaikwaruza, akatoka. Usiku wanaume waliobaki walilala juu ya majamvi, na Khubaib alilaza kichwa chake kwenye kizingiti cha mlango ule, kwa kuwa hapo palikuwa na upepo kidogo.

Jumanne alipata mwanya. Alimwambia Sabir anaenda kununua dawa ya kichwa, akachukua tuktuk hadi Ganjoni.

Karani wa wanafunzi wapya aliitwa Mutunga. Alikuwa na sauti ya mtu aliyekwisha kusema jambo moja kwa watu wengi tangu asubuhi.

"Mdhamini wako yuko wapi?"

"Amekufa."

Mutunga aliinua macho. "Pole. Lini?"

"Jana."

"Pole sana. Sasa utahitaji mwingine." Alisema hivyo bila ubaya, na hilo lilimuumiza Khubaib zaidi. "Lazima awe mwenyeji, lazima aje mwenyewe, na lazima uwe unakaa kwake. Tulikuwa na wageni waliojiandikisha hapa kisha wakapotea, tukasumbuliwa sisi. Una mpaka Ijumaa saa sita. Baada ya hapo nafasi yako inakwenda kwa wanaosubiri, na bila chuo hata ruhusa yako ya kukaa nchini haina mguu."

"Naweza kuja na barua ya—"

"Barua hazijui kujibu maswali. Mlete mtu."

Khubaib alirudi Kuze akiwa na neno hilo kichwani. Shamba la mlangilangi la baba yake lilikuwa limekwisha kwenda kwa mwingine ili yeye afike kwenye dirisha lile. Mtu mmoja tu alitakiwa, na uchochoroni mwa Kuze walikuwako watu tele, wamekaa bega kwa bega, wanamsogezea sinia, wanamwambia kula, mwanangu, umekonda. Kila mmoja wao angeweza kuwa mtu huyo. Mara mbili alifungua kinywa. Mara ya kwanza Shukri, mdogo wake marehemu, alikuwa amekaa peke yake juu ya daka akitazama viatu vya ndugu yake, na Khubaib akaona haya. Mara ya pili alianza, "Ami, nna jambo," na Shukri akamkatiza kwa upole: "Ukipungukiwa na kitu mwambie Sabir." Khubaib akafikiri keshapewa jibu.

Jumatano jioni aligawa kahawa akili yake ikiwa Ganjoni, kikombe kikamwagika kwenye kanzu ya mtu. "Si neno," alisema mwenye kanzu. "Majonzi hayo."

Ndani, ghorofani, kwenye upande wa wake, alikuwako mtu mmoja aliyekuwa akimsubiri Khubaib tangu Jumatatu. Hilo alilijua baadaye. Bi Swabaha, mjane wa Abdulghafur, alikuwa ameingia eda; hashuki chini, haonekani na mwanamume asiye maharimu. Hakuwa na mtoto. Siku ile ile ya maziko, akiwa bado hajui kama amelia au hajalia, alimtuma Tumu, binti wa dada yake, aende mlangoni akaulize kama mgeni wa Ngazidja amefika. Tumu alisimama nyuma ya pazia akamuuliza Sabir. Sabir alitupa jicho juu ya majamvi, akawaona watu wametulia, wanasoma, akajibu kwa kiburi cha mwenye mji:

"Hapana mgeni hapa. Wote ni wenyewe."

Alhamisi asubuhi hitima ikasomwa. Misahafu ikagawanywa juzuu kwa juzuu, Khubaib akamaliza yake akasaidia ya mzee mwenye macho mabovu, dua ikapigwa, pilau ikaliwa. Kisha matanga yakaanuliwa, na wanaume wakaondoka kwa jinsi wanavyoondoka watu waliotimiza wajibu, wakijipangusa mikono, wakiulizana bei ya samaki. Uchochoro ulibaki mtupu ghafla. Khubaib alikuwa akikunja jamvi la mwisho pamoja na Sabir.

"Haya, mwanangu, Mola akulipe," Sabir alisema. "Umetufaa. Basi lako ni la saa ngapi?"

"Basi gani?"

"La Lamu, bwana. Au wabaki mpaka kesho?"

Khubaib aliliachia jamvi. Likajikunjua hadi miguuni pa Sabir.

"Sikutoka Lamu," alisema. "Mimi ni mgeni wa marehemu. Nimetoka Ngazidja, nimekuja kusoma. Alikuwa anidhamini. Nafasi yangu inafungwa kesho saa sita, na mimi sina mtu mwingine mji huu."

Sabir alivua miwani, akaifuta, akaivaa. "Na siku zote hizi ulikuwa umenyamaza?"

Ni hapo, kwa mara ya kwanza tangu alipotua, ambapo Khubaib alikaribia kulia. Nani asingelia? Mtu anabebeshwa masufuria siku tatu, kisha anaulizwa mbona hakusema.

Shukri alitokea ndani kwa kusikia sauti. Na kabla hajasema neno, pazia la juu ngazini lilitikisika, na sauti ya mwanamke, iliyokauka kwa kilio, ikauliza:

"Nani huyo aliyesema ni mgeni wa marehemu?"

"Ni mimi, mama. Khubaib wa Msaidie, wa Mbeni."

"Tumu," sauti ilisema, "mimi si nilikutuma Jumatatu?"

"Nilimuuliza ami Sabir. Alisema wote ni wenyewe."

Sabir aliinama kulikunja jamvi.

"Umelala wapi, mwanangu?"

"Hapo nje, mama. Kwenye mlango wa kile chumba chenye masufuria."

"Kile chumba ni chako," alisema Bi Swabaha.

Akaendelea, na sauti yake ikaanza kupanda.

"Alikipaka chokaa kwa mkono wake. Namwambia shuka kwenye ngazi hiyo, una moyo wewe, mwite kijana akupakie, anisikiza wapi. Ati mtoto wa Msaidie asije akakuta ukuta mchafu. Nyinyi mliomuosha, hamkuiona chokaa kwenye kucha zake? Kitanda chake mkakisimamisha ukutani, masufuria mkayalaza mahali pake, mwenyewe mkamlaza njiani. Mmemlisha, mmemtuma, mmembebesha jeneza la mume wangu, na katika midomo yote hiyo haukutoka mmoja wa kumuuliza jina?"

"Shemeji, majonzi yalituzidi," Shukri alisema.

"Majonzi hayakuwazidi mkasahau pilau."

Shukri alikuwa mtu wa msikitini, mwenye kuswali safu ya kwanza, na kwa kipimo chake mwenyewe hakuwa mbaya. Alikohoa. Akamweleza Khubaib, huku akimtazama begani, kwamba maji yamekwisha kumwagika. Aliyemwalika ameondoka, mwenye nyumba yumo edani miezi minne na siku kumi, na kijana wa kiume asiye maharimu hawezi kulala chini ya dari ile.

"Chumba kina mlango wake wa nje," ilisema sauti.

"Na wa ndani je, shemeji?"

"Upigilie misumari. Nyundo zimejaa humu, ni nyumba ya fundi hii."

"Watu watasema."

"Watu gani? Hawa waliotoka sasa hivi wakinukia bizari yangu?"

"Ami," Khubaib aliingilia, kwa sababu jua lilikuwa limepanda naye hakuwa na saa za kupoteza, "nitalala popote. Hata msikitini nitalala. Nataka mtu wa kwenda chuoni tu."

Hilo Shukri alilikubali mara moja, kwa moyo mkunjufu kabisa. Alibadilisha kanzu, akatia mafuta ya udi, wakapanda tuktuk hadi Ganjoni. Njiani aliuliza habari za Ngazidja na za mavuno. Khubaib alijibu yote. Mbele ya dirisha la Mutunga alisimama nyuma ya bega la Shukri, mikono imekunjwa kama aliyeko kwenye swala.

"Mzee, unamfahamu kijana huyu?" Mutunga aliuliza.

Shukri alifikiri. "Nimemfahamu leo."

"Leo?"

"Tumekuwa naye matangani tangu Jumatatu. Lakini kumfahamu, ni leo."

"Anakaa kwako?"

"La. Mimi nna mabinti nyumbani."

"Lakini unamdhamini. Akipotea, akifanya kosa, tunakutafuta wewe."

Shukri alitazama mahali pa kutia sahihi, akatazama dari. "Dhamana ni amana, bwana. Mimi naogopa kushuhudia nisilolijua. Kijana ni mzuri, anasoma vizuri, hilo nashuhudia. Zaidi ya hapo, wallahi, siwezi."

"Mzee, hapa pana ndiyo na pana la."

"Basi andika la," alisema Shukri, na alimgeukia Khubaib kwa uso wa huruma ya kweli. "Usinione vibaya, mwanangu. Ni dini yangu."

Hakuwa anasema uongo, na ndiyo maana hakukuwa na pa kumshika. Aliyekula naye sinia moja siku tatu aliogopa kusema kwamba anamjua, hakuogopa kumwacha. Shukri alilala usingizi mzuri usiku ule, Sabir alilala, na wote waliopokezana naye jeneza walilala, kila mmoja kwenye kitanda chake. Khubaib alikaa ugani pa msikiti na simu mkononi. Baba yake alikuwa amemwandikia: "Wamekuuliza?" Alilitazama neno hilo mpaka kioo kikajizima, akakiwasha, akalitazama tena. Kisha akaandika: "Bado."

Ijumaa asubuhi alikwenda Kuze kuchukua begi. Alikwisha kuamua. Kama kuna meli ya mizigo inayokwenda kwao angeomba kazi ya kufagia sitaha. Kama haipo, hakujua. Alipiga hodi kwenye mlango wa kijani, akatazama chini, akingojea Tumu alete begi.

Aliyeshuka alikuwa Bi Swabaha. Alikuwa mwanamke mfupi, amevaa buibui kuukuu lililopauka, uso umefunikwa, bila udi wala hina, na alikuwa akishuka vidato kwa kushika ukuta, kama mtu aliyesahau urefu wa ngazi zake mwenyewe.

"Kiko wapi chuo chenyewe?"

"Ganjoni, mama. Lakini—"

"Tumu, ita tuktuk."

Shukri na Sabir na wazee wengine walikuwa wamekwisha kukaa barazani, wameoga, wanangojea Ijumaa. Shukri alisimama.

"Shemeji. Wenda wapi?"

"Kushuhudia ninalolijua."

"Na eda?"

"Mchana ni huu, na dharura ni hii. Nimewasomesha wake za mji huu fiqhi tangu wewe huna ndevu, Shukri. Usinifundishe mlango wa eda."

"Watu watasema umetoka hata arubaini ya ndugu yangu haijafika."

"Waseme. Wana nafasi ya kusema, hawakuwa na nafasi ya kuuliza."

Barazani mzee mmoja aligeuza uso ukutani. Hiyo ndiyo hukumu ya mji ule, haina kelele, na Bi Swabaha aliujua uzito wake kuliko yeyote. Alipanda tuktuk pamoja na Tumu. Khubaib akakaa mbele, kwenye ncha ya kiti cha dereva. Mara moja tu Khubaib alimsikia Bi Swabaha nyuma yake akivuta pumzi kwa kwikwi, walipopita kwenye barabara inayoshuka Liwatoni, ambako marehemu alifanyia kazi.

Mutunga alisimama alipomwona.

"Mama, wewe ni nani wake?"

"Mwenye nyumba."

"Unamfahamu?"

"Amembeba mume wangu mpaka kaburini bila kuombwa. Amemsomea. Siku tatu amelala mlangoni pangu na vyombo vya watu nyuma yake, hakikupotea kijiko. Hao unaowaandika humo, wangapi wafahamika hivyo?"

Mutunga alikuna kidevu. "Na anakaa kwako?"

Tumu alimtazama mamake mdogo. Khubaib alitazama sakafu. Bi Swabaha hakuwa amesema uongo mbele ya watu tangu utoto, na kwa muda Khubaib aliona kwamba yatakuwa yale yale ya Shukri, kwamba ucha-Mungu wa watu hawa utammaliza.

"Anakaa kwangu," alisema. "Chumba cha chini. Chokaa yake haijakauka."

Mutunga aliandika. "Sawa. Jumatatu mtu wetu atapita kukitazama hicho chumba. Si kwamba sikuamini, mama. Akikikuta, yamekwisha. Asipokikuta, sina la kufanya tena."

Walirudi Kuze adhana ya kwanza ikikaribia. Mlango wa chumba cha chini ulikuwa na kufuli jipya linalong'aa. Shukri alikuwa barazani, mkono mmoja mfukoni.

"Mpaka eda iishe," alisema, bila hasira. "Nalinda heshima yako, shemeji. Na ya ndugu yangu."

"Ufunguo, Shukri."

"Samahani."

Bi Swabaha hakubishana. Alipanda ngazi polepole, Tumu nyuma yake, na mlango wa kijani ukafungwa. Khubaib alibaki ameegemea ukuta ule ule wa Jumatatu. Wazee walitazama tasbihi zao. Alihesabu moyoni nyumba zote za uchochoro ule zenye vyumba vitupu, akaacha.

Dirisha la juu likafunguka. Likateremshwa kapu la kamba, lile wanaloteremshia fedha kwa mwuza mboga, likatua mbele ya miguu yake. Ndani mlikuwa na nyundo na patasi, mpini wa nyundo umeng'aa kwa mkono wa mtu mmoja.

"Khubaib," sauti ilisema kutoka juu, si kwa ukali, ni kwa uchovu mtupu. "Si umekuja kusoma ufundi? Anza."

Alimtazama Shukri. Malezi yake yote yalikuwa katika mkono ule ulioshika nyundo, yakiuvuta chini. Kisha akaweka patasi juu ya pete ya kufuli, akapiga. Mlio ulikwenda uchochoro mzima na kurudi. Akapiga tena. Hakuna aliyemzuia, wanaume hawa hawakuwa na desturi ya kumgusa mtu. Shukri aliinuka, akasema kwamba nyumba hiyo hataikanyaga tena mpaka kufa kwake, akaondoka kuelekea msikitini. Wengine walibaki wameganda. Khubaib alipiga mpaka kiganja kikachubuka, na pete ikaachia.

Akaingia. Alianza na masinia. Aliyatoa yote, akayapanga barazani miguuni pa wazee. Akarudi akatoa sufuria ndogo, kisha zile kubwa, akiziburuta juu ya mawe, moja baada ya nyingine, mbele ya Sabir aliyekusanya kanzu yake ili isichafuke. Kitanda akakilaza chini. Akatoka kuchukua sufuria ya mwisho, jasho na machozi vimechanganyika usoni naye hakuvifuta.

"Kijana," alisema mzee mwenye macho mabovu, aliyesaidiwa juzuu yake siku ya hitima. Sauti yake ilikuwa ndogo. "Kwani wewe ni mtoto wa nani?"

Khubaib aliiweka sufuria chini.

"Wa Msaidie," alijibu. "Nilikuwa hapa tangu Jumatatu."

Akaingia ndani, akaufunga mlango.